Kiganja cha Fosua

Jumatatu, 6 Februari 2023

Wanawake kumi na mmoja leo. Picha kumi safi, moja mbovu. Mbovu ya nane tangu tuanze Oktoba.

Vidoa vyeupe tena. Dokta Bonsafo aliinamia kioo cha kompyuta mpaka pua ikakaribia kukigusa. Uvimbe wenyewe umepungua, hata mimi nauona. Lakini pembeni yake, juu na chini, vimetapakaa vidoa vidogo kama chumvi iliyomwagika mezani. Daktari wa picha akiona vidoa vya namna hiyo hana ruhusa ya kusema si kitu. Mara nyingi ni chokaa inayoachwa na saratani ikiwa inatambaa. Kwa hiyo ameandika: imesambaa. Mwanamke ambaye mwezi uliopita alitoka hapa akiimba, leo ameitwa ofisini na mlango ukafungwa.

Naandika haya hapa kwa sababu kwenye rejista ya kazi hakuna safu ya ninavyojisikia. Huko naandika namba, jina, saa ya kufutwa kifua, saa ya picha, saa ya kutoka. Kalamu ya bluu kwa aliyepungua uvimbe, nyekundu kwa aliyezidi, kijani kwa asiyebadilika. Bwana Tawia, mpiga picha wetu, ananiita Sista Kalamu Tatu. Aniite tu.

Utafiti wetu si mgumu kueleza. Wanawake arobaini wenye uvimbe mkubwa wa titi. Wanapewa dawa ya dripu kwa miezi, na kila baada ya muda tunawapiga picha. Swali ni moja: picha inaweza kumwambia daktari wa upasuaji ukweli kuhusu kilichobaki? Ikiweza, atatoa uvimbe tu, titi libaki. Isipoweza, tutaendelea kama zamani hapa Kumasi — titi zima. Na wakisikia "titi zima" nusu yao hawarudi. Wanakwenda kwenye kambi za maombi na kukaa huko mpaka mwisho.

Mama yangu alikwenda. Basi.


Ijumaa, 10 Februari

Fundi wa mashine amefika kutoka Accra na masanduku mawili. Amesafisha sahani ya kubania titi, amepima umeme, amefungua kila kinachofunguka. Kisha akapiga picha ya tofali. Tuna tofali la plastiki lililotengenezwa kwa mfano wa titi lililobanwa. Tunalipiga picha kila asubuhi kuhakikisha mashine haidanganyi. Amelipiga mara sita. Mara sita safi!

Akasema mashine yetu ni nzima kuliko yeye, akaomba maji ya kunywa.

"Kwa hiyo hivyo vidoa tunavitengeneza sisi?" Bwana Tawia akamwuliza.

"Mimi ni wa mashine, kaka. Watu ni wako."

Sista Pokuaa akaona amesemwa yeye. Ndiye anayewafuta wanawake kifua na kwapa kwa pamba na maji kabla ya picha, maana poda na dawa za kwapa huonekana kwenye picha. Na anasugua kweli. Wanawake wanasema Sista hafuti, anamenya.

"Hapiti mtu kwangu na hata punje moja," alisema, mikono kiunoni. "Njooni mninuse vidole!"

Hakuna aliyenusa. Lakini ni kweli. Rejista yangu inamshuhudia: wote wanane walifutwa, na saa imeandikwa.


Jumatano, 22 Februari

Siku ya makelele. Kisha siku ya kimya. Niandike kwa mpangilio.

Anti Fosua, mpika kenkey, yale madonge ya mahindi, wa mtaa wa Asafo, aliingia saa nne na robo. Uvimbe wa sentimita tano umekuwa mbili kasoro. Dokta alimwambia palepale, kama anavyowaambia wote; husema mtu asikae na hofu wiki nzima kwa ajili ya karatasi. Fosua alipiga ukelele, Sista Pokuaa akadondosha bakuli la pamba! Alirudi benchini kuvaa nguo zake, na nilipomwona anaondoka shingo yake ilikuwa nyeupe pe kwa poda mpaka masikioni, kama mtu aliyeshinda kesi mahakamani.

"Anti, sakafu yangu!" Sista akamfokea. "Unataka mtu ateleze avunjike?"

"Sista mwanangu, leo hata nikivunjika mimi nitacheka."

Aliyemfuata ni Maame Birago. Ana duka la vitenge soko la Kejetia, umri arobaini na minne, mabega ya mtu aliyebeba majora tangu utotoni. Karani wa utafiti hatakiwi kuwa na kipenzi. Mimi ninaye, ndiye huyu. Siku ya kwanza Dokta alimwambia uvimbe ni milimita arobaini na sita, naye akajibu: "Mimi napima kwa yadi, Dokta. Milimita zako wapelekee mafundi saa." Lakini tangu hapo anazihesabu kuliko mimi. Arobaini na sita. Thelathini na tatu. Ishirini na moja.

Leo — kumi na nne!

Nilikuwa nimeshika kalamu ya bluu, nimeandika tarakimu ya moja, ya nne bado, Bwana Tawia akasema polepole, "Sista, ngoja kidogo."

Vidoa. Vingi kuliko vya wote waliotangulia.

Birago alikuwa bado amebanwa kwenye mashine. Hawezi kugeuka. Anauliza ukuta. "Ngapi? Mbona kimya? Ninyi, ni ngapi?"

Dokta amesema atamwambia Ijumaa. Ni mara ya kwanza sijamsikia akijibu palepale.


Ijumaa, 24 Februari

Kikao. Daktari wa upasuaji, Dokta Amoateng, alizitazama picha za Birago kwa muda mrefu. Si mtu mkali. Alisema kwa upole kwamba hawezi kuchokoa milimita kumi na nne akaacha vidoa vyote vile nyuma yake. Titi zima. Amempangia Alhamisi, tarehe 16 Machi.

Kisha akasema jingine. Tisa kati ya arobaini ni wengi mno. Kamati ya utafiti inakaa tarehe 13, naye atawaambia anachokiona: picha hii bado haiaminiki kumwongoza mtu mwenye kisu.

Dokta Bonsafo hakubisha. Alikuwa anakunja na kukunjua karatasi.

Akaitwa Birago. Nilikuwemo, kazi yangu kuandika. Aliuliza mara moja tu, si mlisema inapungua? Dokta akamwambia inapungua, lakini inaonekana pia inasambaa.

"Mimi nikimuuzia mtu yadi sita," akasema, "akafika nyumbani akapima akakuta tano na nusu, harudi tena dukani kwangu. Na ana haki."

Akakaza kilemba chake. Karatasi ya kukubali upasuaji hakuigusa.

Nilimkimbilia mpaka kwenye ngazi. "Maame, tafadhali, usiondoke hivi."

"Wewe huna kosa, mwanangu. Wewe unaandika tu."

Unaandika tu!


Jumapili, 26 Februari

Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa nahesabu. Tisa kati ya arobaini. Tisa.

Simu ya Birago imezimwa.


Jumatano, 1 Machi

Picha sita. Wote kijani, hakuna aliyepungua, hakuna aliyezidi. Benchini kimya kama darasa la mtihani. Picha zote safi.

Simu yake — imezimwa.


Jumatatu, 6 Machi

Sikukuu ya Uhuru. Kaka zangu wako sebuleni wanatazama gwaride kwenye televisheni, wanabishana ni shule gani imenyoosha mguu vizuri. Mimi niko jikoni na karatasi zangu. Rejista haitoki hospitalini, ila Ijumaa nilinakili namba zote, bila majina.

Nimepanga kwa umri. Hakuna kitu. Kwa titi la kulia na la kushoto. Hakuna. Kwa wingi wa dawa. Kwa siku za Jumatatu na siku za Jumatano. Kwa vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, nikidhani labda Januari ndiyo mbaya — hakuna, Oktoba wapo pia. Shemeji ameniletea fufu ya muhogo na mchuzi wa samaki, vimepoa hapo kando mpaka vimefanya ngozi.

Mwisho nikafanya kitu cha kivivu. Sikupanga kwa chochote. Niliwaandika walivyoingia, mmoja baada ya mwingine, kwa kalamu zangu tatu, na kila mbovu nikaizungushia duara.

Nimeisoma orodha mara tano. Naiandika hapa ili nisije kusema nimeota.

Kila duara limetanguliwa na bluu.

Kila moja! Tisa kwa tisa. Hakuna picha mbovu iliyomfuata mwekundu. Hakuna iliyomfuata kijani. Zipo bluu ambazo aliyefuata alitoka safi, hilo ni kweli. Lakini mbovu isiyotanguliwa na bluu hakuna hata moja.

Aliyemtangulia Birago ni Fosua. Bluu.

Sasa, furaha ya mtu mmoja inaharibuje picha ya mwingine? Sijui. Lakini usingizi nilioukosa wiki mbili umerudi wote kwa pamoja, na ile fufu nimeila hivyohivyo baridi.


Jumanne, 7 Machi

Nimemwonyesha Bwana Tawia. Kacheka mpaka kavua miwani.

"Kwa hiyo dawa ni kumwomba Dokta awape habari mbaya wote? Tutakuwa na picha nzuri kweli!"

"Bwana Tawia, hesabu mwenyewe."

Akahesabu kwa kidole. Kicheko kikawa kinapungua kadiri kidole kinavyoshuka. Alipofika chini akavaa miwani, akaanza upya.

"Kesho usikae ofisini," akasema. "Kaa kule benchini. Na usiandike. Tazama tu."

Nikae bila kuandika. Mimi!


Jumatano, 8 Machi

Nimepata! Nimepata, nimepata!

Taratibu. Kwa mpangilio.

Njia yao iko hivi. Wanaanza kwa Sista Pokuaa, wanavua, wanafutwa, wanavaa gauni la hospitali. Wanakaa kwenye benchi mbele ya rafu ya nguo wakisubiri zamu. Wanaingia kwa Bwana Tawia. Wanarudi kwenye benchi lilelile kuvaa nguo zao. Hilo benchi ni langu. Niliomba liwekwe mimi, Oktoba, baada ya kuona wanawake waliotoka kwenye dripu wanasimama dakika kumi na tano wameegemea ukuta. Nilijisifu humu humu. Nimerudi nyuma kusoma: "Leo nimefanya jambo la maana."

Basi leo nilijikunyata kwenye kona ya rafu najifanya nakunja magauni. Saa tano kasoro akatoka mama mmoja wa mtaa wa Bantama, namba 31. Kapungua. Alikuwa anatembea kama anayecheza, mikono hewani. Aliyefuata, namba 12, alikuwa peke yake benchini, amefutwa tayari, ameshika magoti.

Namba 31 hakuanza kuvaa. Alifungua mkoba wake, akatoa kopo la poda — ile ya vipele vya joto, kila nyumba inayo — akajipaka shingo na mabega. Sawa, ameshinda, ajipake. Kisha akamimina kiganjani fungu zima, akamgeukia mwenzake, akavuta ukosi wa lile gauni na kuuingiza mkono ndani. Kifuani kabisa, upande wa ugonjwa.

"Pokea na wewe, mwenzangu. Lako lipungue kama langu."

"Amina," namba 12 akasema, macho yamefumbwa. "Nisugulie vizuri."

Niliruka kutoka kwenye magauni. "Jamani! Mnafanya nini?"

Waliganda kama wanafunzi waliokutwa na chakula darasani. Namba 31 alificha kopo mgongoni. Mwanamke wa miaka hamsini na nane!

"Sista, hatujamwaga," akasema haraka. "Angalia sakafu, hata punje! Sista Pokuaa alisema poda inachafua sakafu yake, watu watateleza. Ndiyo maana tunaiweka ndani ya gauni, isidondoke."

Wamekuwa wakitii! Miezi mitano wanatii!

Nikauliza ni nani aliyeanzisha. Anti Fosua, wakasema, siku ya picha yake ya pili. Tangu hapo kila aliyepungua anampa anayefuata. Wengine hawapati kwa sababu wanaitwa upesi, na wachache wanakataa. "Lakini wengi tunataka," akasema namba 12. "Nani atakataa ushindi?"

Nilimrudisha kwa Sista Pokuaa akafutwa upya, kisha moja kwa moja mashineni bila kukaa. Picha safi.

Halafu Bwana Tawia akachukua tofali letu la plastiki. Akaomba lile kopo. Akapaka poda nusu ya tofali, akapangusa kwa kiganja kama wanavyofanya wao, akapiga.

Nusu moja safi kama maji. Nusu ya pili — chumvi iliyomwagika mezani. Vilevile! Kwenye ubavu wa kopo imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ina zinki. Madini. Mashine inaiona kama inavyoiona chokaa.

Dokta Bonsafo aliitwa. Alitazama ile picha ya tofali, akatazama kopo, akatutazama sisi. Akaanza kucheka, akatafuta kiti, akakaa, akacheka tena mpaka machozi. Kisha kicheko kikakatika katikati.

"Birago," akasema.

Sista Pokuaa alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. "Niliwaambia habari ya sakafu," akasema. "Sikuwaambia sababu yenyewe. Hakuna aliyeuliza, nami nikaona ni maneno mengi."

Nikamwambia benchi ni langu. Tulisimama hivyo, kila mmoja na lake.


Alhamisi, 9 Machi

Kejetia. Simu imezimwa, basi miguu ipo.

Birago alikuwa juu ya ngazi anashusha jora la kitenge cha njano, mteja anasubiri. Aliniona. Akamhudumia mteja mpaka mwisho, akamsindikiza kwa macho, akarudi na kukunja kilichokwisha kukunjwa. Nyuma ya meza niliona begi limefungwa na godoro limeviringishwa.

"Jumamosi naondoka," akasema kabla sijafungua mdomo. "Kuna kambi ya maombi njia ya Mampong. Kama umekuja na karatasi yenu, rudi nayo."

"Nimekuja na kosa letu, Maame."

Akaacha kukunja.

Nikamweleza yote. Kufutwa, benchi, kopo, kiganja ndani ya gauni. Kwamba vidoa viko juu ya ngozi, haviko ndani. Kwamba benchi nililiweka mimi. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza bei.

"Fosua?" akauliza. "Ni kile kiganja cha Fosua?"

"Naamini hivyo. Lakini sijapima."

"Yule mwanamke ana kiganja kama mwiko wa kusongea! Alinisugua mpaka nikamwambia, we Fosua, unanibariki au unakanda unga?" Akaanza kucheka, kisha akakaa juu ya lile godoro na kufunika uso kwa kilemba. Sikujua kama bado anacheka.

Mwisho akainuka, akatandaza kitenge mezani, akanipa fimbo ya yadi. "Pima."

Nikapima. Sita.

"Umeona mwenyewe au nimekwambia?"

"Nimeona mwenyewe."

"Basi na mimi. Kesho mnapima mbele ya macho yangu. Sitaki kuongea na ukuta. Nataka kukiona hicho kioo."

Nikamwahidi. Sina mamlaka ya kuahidi. Nimeahidi.


Ijumaa, 10 Machi

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Si siku ya picha, lakini Bwana Tawia alifika kabla yangu na kugeuza meza ya kompyuta ili kioo kitazamane na mashine. Dokta hakuuliza ni kwa idhini ya nani.

Sista Pokuaa alimfuta Birago mara mbili. "Mwanangu, mimi si sufuria," nilimsikia analalamika nyuma ya pazia. Na Sista, kwa mara ya kwanza, alimweleza kila kitu wakati anafuta: kwa nini pamba, kwa nini maji, poda inafanya nini kwenye picha. Birago hakukaa benchini. Hatua saba kutoka pazia mpaka mashine, nami nikitembea kando yake kama mlinzi wa benki.

Akabanwa. Akageuza shingo kuelekea kioo. "Haya."

Picha hushuka polepole kiooni, kutoka juu kwenda chini. Juu — hakuna. Katikati ukatokea uvimbe, mdogo, umejikunja kama harage. Pembeni yake hakuna. Chini yake hakuna. Hakuna! Hakuna kidoa hata kimoja!

Dokta akaweka alama mbili na kupima. Akageuka, hakutuambia sisi, akamwambia yeye.

"Kumi na nne."

"Zile nyeupe ziko wapi?"

"Zilikuwa za Fosua."

Birago alipiga ukelele. Amebanwa bado! Bwana Tawia anababaika kutafuta kitufe cha kumwachia, Sista Pokuaa anaimba, Dokta amenipiga bega mpaka kalamu zote tatu zimeanguka. Mtu wa maabara ya jirani alikuja mbio kuuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa!" Birago akamjibu. "Funga mlango, niko kifua wazi!"

Dokta Amoateng alikuja mwenyewe kutoka wodini kuitazama. Aliweka ile ya Februari na hii ya leo kando kwa kando, akazitazama muda mrefu. Akasema anatoa uvimbe tu. Tarehe ileile, Alhamisi. Birago akaomba karatasi. Akaisoma yote kabla ya kutia saini, mstari kwa mstari, huku sisi tumesimama.

Kwenye rejista sikufuta kitu; hairuhusiwi. Ile tarakimu ya moja iliyokaa peke yake tangu tarehe 22 nimeipiga mstari, nikaweka saini na tarehe, na chini yake nimeandika kumi na nne. Bluu. Nimeikoleza mara mbili.


Jumatatu, 13 Machi

Wale wanane wengine tuliwapigia tangu Ijumaa. Sita wamekuja leo. Sita wamefutwa, sita wamepigwa bila kukaa benchini, sita safi! Nilikuwa napeleka matokeo kwenye chumba cha kamati moja moja, mbio, bado moto. Ya tano nilipoingia nayo mwenyekiti akacheka na kusema, sista, tumekuamini, pumzika. Ya sita nikaipeleka vilevile.

Utafiti unaendelea. Na Dokta Amoateng, mbele ya wote, amesema ataiamini picha, mradi Sista Kalamu Tatu ndiye aliyelinda mlango. Bwana Tawia amelipeleka jina hilo mpaka huko!

Mmoja hapokei simu. Kesho nakwenda kwake Suame.

Aliyebaki tulimkata titi zima Januari. Kwa picha ya poda. Dokta Bonsafo amekwenda nyumbani kwake leo alasiri, peke yake, kumwambia. Hakutaka barua. Sikumwona alivyorudi. Furaha yote ya leo naiandika, na hili naliandika pia, kwa wino uleule.

Mambo mapya. Benchi limehamishwa nje, ng'ambo ya mstari mwekundu tuliouchora sakafuni. Ubaoni Sista ameandika sababu, si amri tupu. Poda haikukatazwa — nilipinga mimi. Nilisema tukiwakataza watatafuta mahali pengine pa kuificha. Kopo liko kwenye droo yangu. Mtu akishavaa na kuvuka mstari, namkabidhi, ajipake mpaka macho yasionekane. Anti Fosua amekuja kuomba radhi na ndoo ya kenkey. Dokta kala mbili.


Alhamisi, 16 Machi

Saa mbili na nusu. Birago ameingizwa chumba cha upasuaji. Alipopita na kitanda mlangoni kwetu alinyoosha mkono nje ya shuka. "Kalamu ipi leo?" Nikamwonyesha ya bluu. "Usiifunike," akasema.

Saa tatu na dakika arobaini. Naandika humu kwa sababu rejista haina la kuandikwa bado. Dokta amenieleza jinsi itakavyokuwa. Wakishatoa uvimbe, hawashoni. Wanauleta hapa mbio, sisi tunaupiga picha huku yeye amelala bado kule juu. Kama umezungukwa na nyama safi pande zote, wanashona, titi ni lake. Kama umegusa ukingo popote, wanakata tena. Na tena. Mpaka zima. Kwa hiyo leo ndiyo picha inapimwa kweli, mbele ya kisu chenyewe.

Saa nne na dakika tano. Benchi la nje limejaa. Si siku ya picha! Anti Fosua, namba 31, namba 12, wengine watano wa utafiti, wamevaa nyeupe wote. Nilipowauliza nani kawaita, Fosua akasema, kwani mtu anaitwa kwenye shughuli ya mwenzake? Nikawaambia mstari mwekundu. "Tunaujua mstari wako, Sista. Tumekaa nyuma yake tangu saa mbili."

Saa nne na dakika thelathini na mbili. Kimekuja kile kipande. Kwenye bakuli dogo lenye kifuniko, na uzi mfupi na mrefu kuonyesha juu ni wapi na kando ni wapi. Kidogo mno. Kingetosha kwenye kikombe cha chai. Bwana Tawia amekiweka kwenye sahani kwa mikono miwili. Sista Pokuaa ameifuta ile sahani mara tatu, na sahani haina kwapa.

Saa nne na dakika thelathini na saba. Picha inashuka. Dokta ameinama, pua karibu na kioo. Ameweka alama. Ameondoa. Ameweka upya. Anapima kutoka kila upande kwenda ukingoni, midomo inahesabu bila sauti. Simu ya chumba cha upasuaji iko sikioni kwake, inaita, hawajapokea. Kupitia kioo cha mlango naona vichwa vinane vimesimama.

Anatazama kioo, mgongo umenigeukia. Lakini mkono wake wa kushoto umekuja nyuma, taratibu, kiganja juu, vidole vimekunjwa kidogo, kama mtu anayengoja kumiminiwa kitu.

"Si humu ndani, Dokta," nimemwambia. "Nje ya mstari."

Droo nimeshafungua, kopo la poda liko mkononi.